Mbegu za Wizara ya Ukarimu

Ilikuwepo nchi, na kama haipo tena mimi sijaambiwa. Jina lake silitaji, si kwa woga, ila kulitaja kulihitaji kibali, na dirisha la vibali lilifungwa siku karani wake alipoalikwa.

Nianze na huko kualikwa. Nchi yetu ilikuwa karimu kupita zote. Nasikia kwingine watu hukamatwa. Kwetu hakuna aliyewahi kukamatwa. Gari la kijani la Wizara ya Ukarimu lilisimama mlangoni, vijana wakashuka, wakavua kofia, wakasema, "Umealikwa." Mtu akapanda. Akapelekwa Jumba la Wageni, nyuma ya Kilima cha Redio, na huko alikirimiwa vizuri mno, kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kurudi kwao. Ndivyo tulivyoelezwa. Tuliamini, kwa sababu asiyeamini naye alialikwa akajionee.

Kaka yangu Sudi alialikwa kwa ajili ya nyasi.

Mtawala wetu, ambaye jina lake la heshima ni Baba Mlango Wazi, alikuwa ameona picha ya uwanja wa nchi ya mbali. Kijani kitupu, hakuna jani lililosimama juu ya mwenzake. Alitokwa na machozi. Akasema, "Hivi ndivyo taifa linavyopaswa kuwa." Nyasi hizo zikaletwa kwa meli, zikaitwa Nyasi za Umoja, zikapandwa kila mahali: mabondeni, makaburini, juu ya mashamba ya mihogo. Mmea mwingine wowote ukatangazwa kuwa gugu. Tuling'oa mpaka viganja vikatoka malengelenge, na yule aliyeng'oa zaidi alivishwa nishani ya bati.

Katika mkutano wa kushukuru kwa nyasi, Sudi aliuliza swali moja tu. "Mbuzi hawazili hizi. Sasa watakula nini?"

Waziri akamwambia ni swali zuri sana. Gari la kijani likafika kabla hatujamaliza chakula cha mchana.

Mama aliifunika sahani ya Sudi kwa kawa ili nzi wasiiguse. Kesho yake akampakulia tena, akafunika tena. Ikawa hivyo kila mchana. Jua likishuka aliwapa kuku kile chakula, akaiosha sahani, akasema, "Labda kesho."

*

Sasa niwaeleze habari za wageni wenyewe.

Kwa ukarimu wetu wote, wageni wa kutoka nje hawakuja. Baba Mlango Wazi alijenga ukumbi wa mapokezi wenye viti vya dhahabu ya kupaka. Wacheza ngoma wakapangwa mstari uwanja wa ndege wakae tayari. Walikaa tayari kwa muda mrefu hata wengine wakaoana palepale kwenye mstari, wakazaa, na watoto wakajifunza kutembea kwa kufuata ngoma. Mgeni wa mwisho kuja alikuwa mzee wa miwani aliyeuliza kwa nini nyumba nyingi zina sahani zilizofunikwa. Naye alialikwa.

Baraza likaitishwa. Aliyesimama ni Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Profesa Fumbwe, ambaye uprofesa wake alipewa kwa kupigiwa makofi.

"Waheshimiwa," alisema, na redio ikatuletea kila neno, "marehemu bibi yangu alinifundisha kwamba kipepeo akiingia ndani, mgeni yuko njiani. Naomba kuuliza. Ni lini kipepeo ameingia ndani ya nyumba yoyote katika nchi hii?"

Redio ikatuletea sauti ya karatasi zikipekuliwa.

"Basi! Tumewalaumu wageni bure. Watakujaje bila kutanguliwa?"

Na hapo, lazima niseme, alisema jambo ambalo kila mtu kwetu analijua. Kipepeo akiingia ndani, humfukuzi. Unamwambia karibu mgeni, unafagia mlangoni, unaongeza konzi ya unga sufuriani. Mama alipoisikia redio alisimama na ufagio mkononi. Nilimwona akihesabu kichwani ni tangu lini hajamwona kipepeo. Halafu akaketi polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa akikitafuta nyumba nzima.

"Zawena," akaniita. "Kumbe ndiyo maana Sudi hajarudi."

Nikauchukua ufagio mkononi mwake, nikafagia mlangoni. 

*

Kwanza walijaribu vipepeo vya karatasi. Maofisa walipita mitaani wakivirusha madirishani, na nyumba ambayo haikusema karibu mgeni kwa sauti ya kuridhisha ilinyang'anywa mlango. Jirani yetu Bi Mkunde, mjane mwenye ulimi usiopumzika, alirushiwa kipepeo kikaangukia kwenye mchuzi.

"Karibu mgeni," akakiambia kile kipepeo mbele ya ofisa. "Umejileta mwenyewe chunguni, sasa nikuongezee chumvi?"

Wageni hawakuja. Ndipo akaletwa mtaalamu aliyesomea wadudu. Akaeleza kwamba kipepeo hutaga juu ya mmea anaoujua, kila aina na mmea wake, na kiwavi akitoka hali kitu kingine. Nyasi za Umoja hakuna hata kipepeo mmoja anayezijua. Akasema dawa ni kukusanya mbegu za mimea ya asili na kuirudisha ardhini. Wizara ilimshukuru kwa maelezo yake yaliyo wazi, ikamwalika.

Amri ikatoka. Kila nyumba ilete kibaba kimoja cha mbegu za mimea ya asili. Nyumba yenye mtu wake Jumba la Wageni ilete viwili, kwa kuwa mtu wake anakula chakula cha serikali. Nyumba itakayoshindwa, mkubwa wake ataalikwa kwenda kujieleza.

Nyumba yetu mkubwa ni Mama.

Watu walipeleka walichokuwa nacho, maana magugu tulikwisha kuyamaliza na nishani tulivaa. Walipeleka mbegu za maboga. Walikata shanga za viunoni zilizotengenezwa kwa mbegu, wakatungua tasbihi. Nilikuwa kwenye foleni nyuma ya Bi Mkunde alipomimina kibaba chake mezani mbele ya Afisa Kilongola. Huyu Kilongola alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu karibuni kutoka mkoa wa mbali, mwembamba, ana kalamu nne mfukoni na hana karatasi.

Akatia moja mdomoni, akatafuna. "Mama, hizi ni choroko."

"Choroko si mwananchi?"

"Ni mwananchi, lakini si gugu. Tunataka magugu."

"Mwaka juzi mlinivisha bati kifuani kwa kuyamaliza."

"Nishani utarudisha," alisema Kilongola kwa huzuni. "Mimi natumwa tu, mama yangu. Wilaya hii ikikosa mbegu, mkubwa wa wilaya ataalikwa. Mkubwa wa wilaya amekwisha alikwa. Nimebaki mimi."

Nilimhurumia. Kikapu changu kilikuwa kitupu na nilirudi nacho.

Nilitembea. Nilikwenda bonde la mto, nyasi. Nilikwenda shamba la marehemu babu, nyasi. Nilipekua nyufa za kuta za shule, nikaingiza vidole chini ya mawe, nikanusa. Kila kitu kilikuwa kimekatwa sawasawa na kinang'aa. Niliporudi nyumbani nilimkuta Mama amevaa kanga zake za sikukuu, mkoba mdogo magotini.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Siendi. Nasubiri gari."

"Mama, usiseme hivyo."

"Kwa nini? Waje wanialike. Nitamwona mwanangu." Akafungua mkoba anionyeshe: shati la Sudi alilolipiga pasi, na sabuni. "Mwambie huyo ofisa asihangaike na mbegu. Mimi niko tayari."

Nilitoka mbio mpaka kwa Bi Mkunde, nikasimama mlangoni pake na kikapu changu. Alinitazama, akaangalia kikapu.

"Mama yako kafunga mkoba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haya." Akanishika mkono, akanipeleka uani kwenye kamba ya nguo. "Tazama kanga zangu." Zilikuwa zimeshikwa na manyoya meupe, laini kama pamba, na kila unyoya ulikuwa na kimbegu cha kahawia chini yake. "Upepo ukivuma kutoka nyuma ya Redio, najazwa haya. Ni lile gugu lenye maziwa, tulilokuwa tukipakia vidonda utotoni. Unalikumbuka? Halijaisha. Liko huko nyuma, na limezaa."

Nyuma ya Kilima cha Redio hakuna aliyekwenda. Hakukuwa na katazo. Watu walikuwa tu hawaendi.

*

Afisa Kilongola alitupeleka mwenyewe, mimi, Bi Mkunde na wanawake wengine wachache wenye vikapu vitupu. Askari wa lango lililoko nyuma ya kilima walisita. Kilongola akawasomea amri: mbegu zikusanywe popote zilipo. Wakaangaliana. Amri ilikuwa na mhuri wa Baba Mlango Wazi, na kukataa mhuri ni kualikwa. Wakafungua.

Ulikuwa uwanja mpana, na kwa mbali tuliona ukuta wa Jumba la Wageni usio na madirisha. Nyasi za Umoja zilikuwepo kama kwingine kote. Lakini katikati ya nyasi kulikuwa na vipande vya ardhi vilivyoota kila kitu. Gugu la maziwa lilifika kiunoni. Mitunguja, mchicha pori, mnavu, vitu nilivyodhani vimekufa duniani. Na kila kipande kilikuwa kirefu na chembamba, kimoja kando ya kingine, kwa mistari.

Nilidhani ni matuta. Kwa kweli niliwasifu askari moyoni mwangu, kwamba pamoja na kazi zao zote bado wanapata nafasi ya kulima.

Na vipepeo walikuwepo. Wa rangi ya machungwa wenye kingo nyeusi, wengi, wanapanda na kushuka. Mwanamke mmoja akasahau, akasema kwa mazoea, "Karibuni wageni."

"Wageni ni sisi," alisema Bi Mkunde. "Wao wako kwao."

Tukaanza kuchuma. Maganda yaliyokauka yalipasuka ukiyagusa tu, na tulijifunga kanga puani ili manyoya yasituingie. Kilongola alikuwa akirukaruka kwa furaha. "Wilaya ya kwanza kitaifa!" alisema. "Tutakuwa wa kwanza!"

Nilikuwa nimejaza nusu kibaba niliposikia Bi Mkunde kanyamaza. Huyu si mtu wa kunyamaza. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye ncha ya kipande kimoja, amekunja kanga mkononi.

"Zawena, wewe umelima?"

"Nimelima, bibi."

"Umewahi kuona tuta la namna hii? Halina mfereji, halina zao, halijaguswa na jembe tangu lilipochimbwa?"

"Sijawahi."

"Gugu lina akili," alisema taratibu. "Mbegu yake hulala chini miaka, chini kabisa, chini ya hizi nyasi zao. Ukichimba ukaifukua, inaona jua, inaota. Mahali pasipochimbwa, haioti." Akanitazama. "Lala."

"Nini?"

"Lala hapo chini, mwanangu. Chali."

Nililala kati ya mashina.  Nililala nikaona mbingu na vipepeo, na mabega yangu yalitosha kabisa, na miguu yangu ilitosha, ikabaki nafasi kidogo. Sudi alikuwa mrefu kuliko mimi.

Kisha niliinuka, nikaendelea kuchuma. Mtaniona sina moyo. Kibaba kilikuwa hakijajaa, na nyumbani Mama alikuwa na mkoba magotini.

Wanawake wote walikuwa wamesimama sasa. Hakuna aliyelia. Kilongola akaja akifuta jasho. "Kuna tatizo, akina mama?"

"Hakuna tatizo," alisema Bi Mkunde. "Wewe si ulisema njiani kuna utaratibu wa vijiti?"

"Upo!" Akafurahi kwamba kuna mtu anayejali utaratibu. "Kila mahali palipotoa mbegu pawekwe kijiti chenye kitambaa cheupe. Siku ya Sherehe ya Mbegu, Mheshimiwa Waziri atasimama kilimani aone mavuno kwa macho yake mwenyewe."

"Tupe vijiti."

"Vingapi?"

"Vyote ulivyonavyo. Vikipungua tutachonga."

Tulichana leso zetu, mitandio, shimizi za ndani. Hatukuruka kipande hata kimoja. Kilongola alipita nyuma yetu akivinyoosha vilivyopinda, na akasema hajawahi kuona wananchi wanaotekeleza mwongozo kwa usahihi kiasi kile.

*

Vibaba viwili nilivipeleka. Mama hakualikwa. Alikasirika, hakusema nami hadi magharibi, na mchana wake alimpakulia Sudi kama kawaida. Nilikaa nikiitazama ile kawa. 

"Una nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Siku ya sherehe akasema lazima aende. "Wanasema kilimani mtu analiona Jumba lote. Labda watakuwa wametoka nje kuota jua. Nitampungia mkono."

Niliomba abaki. Nilisema magoti yake hayawezi. Alipanda kilima kile kwa magoti yake yasiyoweza, akiwa na mkoba wenye shati.

Mji mzima ulikuwa umepelekwa. Wacheza ngoma waliletwa kutoka uwanja wa ndege, bado kwenye mstari. Kikosi cha Makofi kilikaa mbele, glavu mikononi. Profesa Fumbwe akasimama jukwaani, kisogo chake kikielekea bondeni, akafungua hotuba aliyoandikiwa.

"Ndugu wananchi! Adui zetu wanasema serikali hii haina cha kuonyesha. Leo tunaonyesha! Tazameni bondeni! Kila kitambaa cheupe mnachokiona ni ushahidi wa ukarimu wa Baba Mlango Wazi!"

Kikosi kikapiga makofi. Watu walitazama bondeni.

"Na hiyo ni kazi ya wilaya moja tu! Tukipewa muda, nawaahidi, tutaijaza nchi nzima!"

Kikosi kilianza kupiga makofi, kisha mmoja akaacha, na wa pili, wakabaki wamenyoosha shingo. Kutoka juu ile mistari ilionekana wazi. Bondeni mtu angeweza kudhani ni matuta. Kilimani hapana.

Nyuma yangu mwanamke alisema, "Mbona vimepangwa kama..." 

Kamanda mmoja akapanda jukwaani mbio, akamnong'oneza Waziri. Profesa Fumbwe akageuka kwa mara ya kwanza, akatazama alichokuwa akikisifu. Rangi ilimtoka. Lakini alikuwa mtu wa hotuba, hakuachia kipaza sauti.

"Marekebisho kidogo, ndugu wananchi. Mnaombwa kugeuka na kutazama upande wa pili, ambako kuna mandhari nzuri zaidi."

Hakuna aliyegeuka. Bi Mkunde alikuwa wa kwanza kushuka. Halafu mwanamke mwingine, na mwingine, bila kelele, wakishikilia majani wasiteleze. Niliangalia pembeni yangu. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwisha teremka, peke yake, bila fimbo.

Nilipomfikia Mama, Kilongola alikuwa bondeni. Walikuwa wamempigia kelele kutoka jukwaani ang'oe vijiti vyote, haraka, na alikuwa ameshika cha kwanza. Mama akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Acha, mwanangu. Umemkanyaga mtu."

Kilongola alitazama viatu vyake. Akatazama mstari, urefu wake, na mstari wa pili, na wa tatu. Nadhani ndipo alipoelewa. Alivua viatu, akasogea pembeni, akasimama pekupeku amevishika kifuani kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Mama akanigeukia. Hakuniuliza tangu lini ninajua. Aliniuliza, "Yupi?"

Sikujua. Hakuna ambaye angejua. Nilitazama huku na huku, nikatafuta kipande kirefu.

"Huyu, Mama."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

Akaketi kando ya kijiti. Alitoa shati mkobani, akalitandaza juu ya magugu ya maziwa, akaanza kulinyoosha makunyanzi kwa kiganja. Kule juu kipaza sauti kilitangaza kwamba wote tulioko bondeni tumealikwa, tukae tayari, magari yanakuja. Bi Mkunde, aliyekuwa ameketi mstari wa pili akishikilia kijiti cha mtu wake asiye na jina, akapaza sauti, "Waambieni tumeshafika!"

Mwanamke nisiyemjua akaja akasimama mbele yetu. Alikuwa mtu mzima, pumzi zimemwishia.

"Samahani, dada," akamwambia Mama. "Huyu ni wangu. Mwanangu alikuwa mrefu."

 Mimi nilijiinamia. Kisha Mama akalivuta shati upande mmoja, akasogea.

"Kaa hapa," alisema. "Wangu pia ni mrefu."

Yule mwanamke akaketi. Niliinua macho nimtafutie mwingine kijiti kilicho wazi, maana nyuma yake kulikuwa na mwingine amesimama, na nyuma ya huyo, mwingine tena. Vyote vilikuwa na watu. Na kilimani wanawake walikuwa bado wanashuka.